Jinsi ya Kuandika Herufi za Gothiki kwa Mkono: Mwongozo Kamili kwa Wanaotengeneza Vyeti, Mabango na Nembo

Karatasi nyingi za wanaojifunza herufi za gothiki, zile nene zenye kona kali, zimepita mikononi mwangu, na kosa ni lilelile. Mtu ameandika herufi za kawaida, kisha akaziongezea miiba. Kila herufi ukiitazama peke yake inapendeza, ila neno zima linafanana na ua wa miti uliosukumwa na ng'ombe.

Aliyeandika hivyo mara nyingi ana mkono mzuri tu. Kilichomponyoka ni hesabu ya nafasi nyeupe. Katika gothiki, weupe ulio ndani ya herufi, weupe ulio kati ya herufi na herufi, na unene wa mstari wenyewe, vyote vinapaswa kuwa na upana mmoja. Hatua zote zilizo hapa chini zinatafuta jambo hilo.

Tutaandika aina iitwayo tekstura, ile yenye miguu ya pembenne, ambayo mchapaji Gutenberg aliigeza alipochapa Biblia yake kule Mainz, Ujerumani. Nimeichagua kwa sababu ina kanuni kali kuliko ndugu zake, na kanuni kali humsaidia anayeanza.

## Vifaa

Kalamu ya ncha bapa ya milimita 5. Makapeni ya ncha iliyokatwa upande, ile inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya shule, inatosha kuanzia. Mwanzi uliokatwa vizuri unatosha pia. Ukiwa na uwezo, nunua kalamu iitwayo Pilot Parallel. Zipo za milimita 1.5, 2.4, 3.0, 3.8, 4.5 na 6.0, na mistari yake hutoka safi kuliko ya makapeni.

Karatasi laini. Ya fotokopi ya gramu 80 ni ya mazoezi tu, kwa kuwa hunywa wino na kingo za mistari zinapata manyoya. Kazi ya mwisho ifanye kwenye manila au karatasi nzito isiyo na vinyweleo.

Rula, kipimapembe, penseli ya HB iliyochongwa vizuri, na kifutio laini.

Kalamu nyembamba ya wino uleule kwa ajili ya mistari ya unywele, yaani ile myembamba kabisa.

Onyo kuhusu wino: wino mzito wa kuchorea, ule ukikauka hauondoki kwa maji, usiutie ndani ya Pilot Parallel wala kalamu yoyote yenye hifadhi ya wino. Utagandia ndani na kalamu itakufa. Wino huo ni wa mwanzi au nibu ya kuchovya.

## Hatua ya 1: Pima ncha, kisha chora mistari

Usiamini namba iliyoandikwa kwenye kifuniko. Weka ncha bapa juu ya karatasi, vuta mstari mnene kabisa inaoweza kuutoa, upime kwa rula. Huo ndio upana wa ncha yako, na vipimo vingine vyote vinatoka humo.

Waliosoma khati ya Kiarabu wataitambua njia hii mara moja. Kule urefu wa alifu hupimwa kwa nukta zinazotolewa na kalamu ileile inayoandika. Gothiki nayo hujipima kwa ncha yake.

Kwa ncha ya milimita 5, chora mistari minne ya penseli, myepesi sana:

- mstari wa msingi, ambapo herufi zinakaa;
- mstari wa kiuno, milimita 25 juu ya msingi (ncha tano);
- mstari wa vichwa, milimita 10 juu ya kiuno, kwa ajili ya b, d, h, k, l;
- mstari wa mikia, milimita 10 chini ya msingi, kwa ajili ya g, j, p, y.

Kutoka msingi mmoja hadi msingi unaofuata acha milimita 50. Ukibana zaidi, mkia wa g utagonga kichwa cha k kilicho chini yake.

## Hatua ya 2: Funga pembe ya kalamu

Shika kalamu ili ukingo wa ncha ulale kwa nyuzi 45 kutoka mstari wa msingi, ukielekea juu kulia. Ukishaipata pembe hiyo, usiibadilishe. Vidole visizunguke. Mkono wote ndio unaosogea.

Chora alama ya kujumlisha. Pembe ikiwa sawa, mkono wa wima na wa mlalo vitakuwa na unene mmoja. Wa wima ukiwa mnene zaidi, kalamu imelala mno. Ukiwa mwembamba, imesimama mno.

Kisha chora alama ya kuzidisha. Mstari unaotoka juu kushoto kwenda chini kulia utakuwa mnene kabisa, na ule mwingine utakuwa unywele. Usiende hatua ya tatu mpaka alama kumi mfululizo zitoke hivyo. Hapa ndipo wengi hukosa subira, kisha wanahangaika wiki nzima na kosa ambalo lilitaka dakika ishirini.

Unayetumia mkono wa kushoto, zungusha karatasi badala ya kupinda kiwiko, mpaka ukingo wa ncha ulale kwenye nyuzi 45 zilezile dhidi ya mistari yako. Kipimo kinachohesabika ni pembe iliyo kwenye karatasi. Mkono ushike unavyopenda.

## Hatua ya 3: Kashata

Weka ncha kwa nyuzi 45, vuta kuelekea chini kulia kwa milimita 5 tu, inua. Umepata mraba uliosimama kwa kona yake. Mimi nauita kashata, kwa sababu ya vile kashata inavyokatwa kwenye sinia.

Huu ndio kichwa na mguu wa karibu kila herufi ndogo. Jaza mistari miwili ya vipande hivi.

Kashata nzuri ina kona nne kali, na upana wake kutoka kona ya kushoto hadi ya kulia ni milimita 7. Ikirefuka kama jani, umevuta mno. Kona zikiwa za duara, ama ncha imechakaa ama unakandamiza.

## Hatua ya 4: Nguzo na weupe wake

Hapa tutakaa, kwa maana tekstura yote imejengwa juu ya hatua hii.

Nguzo ina mivuto mitatu. Kwanza kashata ya juu, kona yake ikigusa mstari wa kiuno. Pili, rudisha ncha katikati ya kashata hiyo, vuta wima kushuka, simama milimita 5 kabla ya msingi. Tatu, sogeza ncha kushoto kidogo, chini ya milimita 2, piga kashata ya mguu mpaka kona yake iguse msingi.

Sasa hesabu. Ncha ya milimita 5 iliyoinama nyuzi 45 hutoa mstari wa wima wa milimita 3.5 hivi. Kwa hiyo weupe kati ya nguzo na nguzo uwe milimita 3.5 pia. Kutoka katikati ya nguzo moja hadi katikati ya inayofuata ni milimita 7. Nitaiita hatua ya nguzo.

Kumbuka kwamba kashata nayo ina upana wa milimita 7. Maana yake ni kwamba nguzo zikikaa mahali pake, kona za kashata zitabusiana zenyewe bila wewe kulazimisha. Hiyo ndiyo alama ya kuaminika kuliko zote. Zikipandana, umebana, zikiachana wazi, umetawanya.

Kwa ncha ya ukubwa mwingine, zidisha upana wake kwa 1.4 upate hatua ya nguzo. Ncha ya milimita 3.8 inakupa hatua ya 5.3 na kimo (msingi hadi kiuno) cha 19. Ncha ya 2.4 inakupa hatua ya 3.4 na kimo cha 12.

Wanaoanza nawashauri watie alama ndogo za penseli kila milimita 7 kwenye mstari wa msingi. Daftari la hesabu lenye miraba ya milimita 7 linakuondolea kazi hiyo: nguzo moja, mraba mmoja. Ukiwa na miraba ya milimita 5, kata mwanzi wako kwa milimita 3.5 na mambo yatakwenda vivyo hivyo.

Jaza ukurasa mzima kwa nguzo tupu, kisha ugeuze juu chini na ufinye macho. Ukiona rangi moja ya kijivu iliyotulia, umefaulu. Ukiona madoa meusi hapa na mianya kule, rudia ukurasa. Kugeuza karatasi kunasaidia kwa sababu jicho linaacha kusoma na kuanza kutazama.

## Hatua ya 5: Neno la mtihani

Andika muumini.

Kiswahili kimetupa neno gumu sana kwa mwandiko huu. Lina nguzo 14 mfululizo: m tatu, u mbili, u mbili, m tatu, i moja, n mbili, i moja. Hakuna kichwa wala mkia wa kumwokoa msomaji. Ukiliandika likasomeka, maneno mengine hayatakutisha.

Siri ni mahali herufi zinaposhikana. n na m hushikana juu: kashata za vichwa ziguse kabisa, na za miguu ziachane kwa uzi wa mwanga. u hushikana chini, vichwa vikiachana. Ili kupata uzi huo, fupisha kidogo kashata isiyotakiwa kugusa. Usisogeze nguzo! Ukiisogeza, mdundo wote umeharibika.

Nukta ya i iandike kwa kalamu nyembamba, mkwaruzo mfupi wa mshazari juu ya kiuno. Usiiache. Bila hiyo nguzo nne za mwisho ni fumbo.

Kwa ncha ya milimita 5, neno zima kutoka kona ya kwanza hadi ya mwisho lipimike karibu sentimita 9.8. Pima kwa rula. Likizidi sentimita 10.5 umetawanya, likipungua 9 umebana. Kisha mwonyeshe mtu ambaye hukumwambia umeandika nini. Akisoma bila kuuliza, endelea.

## Hatua ya 6: Herufi zilizobaki

Usizifuate kwa alfabeti. Zifuate kwa undugu.

o, c, e, d, b, p, g. Hakuna duara hata moja humu. Herufi o ni nguzo mbili zilizoshikana juu na chini, na tumbo lake ni ufa wa wima wa milimita 3.5. Mkono utatamani kukunja, ukatalie. Kwa e, nguzo ya kushoto, kashata ya juu kulia, kisha unywele unaoshuka kutoka kashata hiyo kurudi kwenye nguzo.

l, h, b, k. Nguzo inaanzia mstari wa vichwa. Usipandishe zaidi ya milimita 10 juu ya kiuno. Tekstura inapenda vichwa vifupi, na vikirefuka ule mkeka wa kijivu unapasuka.

a. Ifanyie mazoezi mara tatu ya nyingine, kwa kuwa hakuna herufi inayotokea mara nyingi kwenye Kiswahili kama hii, na makosa yake yataonekana kila mahali. Anza na mvuto mfupi juu kushoto unaoingia kwenye kichwa cha nguzo ya kulia, shuka na nguzo hiyo mpaka mguuni. Kisha nguzo fupi ya kushoto, kuanzia chini kidogo ya katikati hadi msingi. Funga kwa unywele unaopanda kutoka kichwa cha nguzo fupi kwenda kwenye nguzo kubwa. Mdomo wa juu ubaki wazi kuelekea kushoto. Ukifunga mdomo huo, a yako imekuwa o mbovu.

k. Ni h iliyopigwa kiunoni: nguzo ndefu, kashata ndogo juu kulia, na mguu wa mshazari unaoishia kwa kashata. Mguu usianzie juu sana, utasomeka kama R.

w. Nguzo tatu. Mbili za kushoto zipande kidogo juu ya kiuno, ya tatu ijifunge kama tumbo la b. Hapo haitachanganywa na m.

s, z, t, f, r, v, j, y utazimaliza kwa siku mbili ukishazishinda zilizotangulia. Herufi q na x ziweke kando, maneno ya Kiswahili hayazihitaji, na c utaiandika ikiwa na h tu. Alama ya ng' ni kashata ndogo yenye mkia wa unywele, juu ya kiuno.

## Hatua ya 7: Herufi kubwa, moja tu

Herufi kubwa ya gothiki ni ya kufungulia neno. Baada yake zote ziwe ndogo.

CHETI CHA PONGEZI kikiandikwa chote kwa herufi kubwa za gothiki hakisomeki, na sijawahi kuona mkono uliofaulu. Herufi kubwa zimejaa mikunjo na nywele za mapambo, kila moja ina tumbo lake, hazina nguzo za kupigia mdundo. Ukizipanga pamoja zinagombana. Mteja akisisitiza, mwandikie zote mbili kwenye karatasi moja umwekee mbele. Sijaona aliyechagua ya herufi kubwa.

Kimo chake kiwe ncha sita na nusu hivi, na upana ukadirie nguzo nne. Mvuto wa pambo ukitishia kuingia ndani ya herufi inayofuata, ukate.

## Hatua ya 8: Hesabu neno kabla ya kugusa karatasi ya mwisho

Nafasi kati ya neno na neno ni ndogo kuliko ulivyozoea: ruka mahali pa nguzo moja tu. Ukiacha nafasi ya kidole, mstari unabomoka.

Tuchukue *Cheti cha Pongezi*. C nguzo 4, heti 6 (h 2, e 2, t 1, i 1): jumla 10. Cha, 6 (kila herufi 2). P nguzo 4, ongezi 11 (i moja, nyingine mbili mbili): jumla 15. Nafasi mbili. Zote ni 33. Zidisha kwa milimita 7, unapata milimita 231. Karatasi ya A4 iliyolazwa ina milimita 297, kwa hiyo utabaki na milimita 33 kila upande. Inakaa vizuri.

Sasa jaribu *Tunawapongeza* kwa ncha ileile: nguzo 29, zaidi ya sentimita 20 kwa neno moja. Maneno yetu ni marefu kwa sababu kitenzi hubeba sentensi nzima. Ndiyo maana gothiki ya Kiswahili hukaa vyema kwenye kichwa cha maneno mawili au matatu, na hulemea mara tu unapoingiza sentensi. Maelezo ya cheti, tarehe na namba andika kwa herufi za kawaida zilizonyooka. Jina la anayetunukiwa nalo naliandika kwa herufi za kawaida. Mtu amelisubiri jina lake, asilisake kati ya nguzo.

## Hatua ya 9: Kuipeleka kwenye kompyuta

Skani kwa dpi 600, nyeusi na nyeupe. Fungua kwenye Inkscape, programu ya bure, na utumie kazi yake ya kugeuza picha kuwa mistari. Hapo unaweza kuikuza hadi bango la barabarani au mgongo wa matatu bila kingo kuvunjika. Kabla ya kuhifadhi, kagua kona za kashata. Kompyuta hupenda kuzilainisha. Zirudishe ukali wake kwa mkono.

Ukitaka fonti iliyo tayari, Google Fonts ina UnifrakturCook, UnifrakturMaguntia, Pirata One na Grenze Gotisch, zote za leseni huria. Pirata One husomeka kwa urahisi. UnifrakturMaguntia ni fraktura, aina ya gothiki ya Kijerumani, ambamo A inakaribia kufanana na U na k inaweza kukupotosha, kwa hiyo andika kwanza *Asha, Usiku, Kaka* uone kama wasomaji wako wanazitambua.

Na tafadhali usitanue nafasi kati ya herufi kwenye programu. Aliyeunda fonti ameshapima weupe. Ukiongeza, unabaki na nguzo zilizotawanyika ambazo hazijui ni za neno gani.

## Mahali inapofaa, na tahadhari moja

Vichwa vya vyeti, kadi za mwaliko, nembo, fulana, jina la gazeti juu ya ukurasa wa kwanza kama The New York Times wanavyofanya hadi leo: hapo gothiki inakaa kwake. Namba za simu, bei, maelekezo ya njia, maandishi ya kusomwa na gari likiwa kwenye mwendo: hapana.

Ukifanya kazi ya mteja aliye Ujerumani au nchi jirani, mwulize kwanza. Wengi kule huihusisha fraktura na Wanazi na makundi ya mrengo mkali wa kulia, ingawa serikali ya Wanazi yenyewe ndiyo iliyoiondoa kwenye matumizi rasmi kwa waraka wa tarehe 3 Januari 1941. Usibishane na mteja kuhusu historia; mwonyeshe pia sampuli ya herufi za kawaida achague.

## Kumalizia karatasi

Wino ukishaandikwa kwenye manila, uache mpaka kesho. Gusa kona ya herufi nene kuliko zote kwa kipande cha karatasi safi. Kikitoka cheupe, umekauka.

Ndipo ufute mistari ya penseli, ukivuta kifutio kutoka juu kwenda chini kufuata nguzo, kwa upande mmoja tu. Ukifuta kwa kwenda na kurudi, unang'oa wino kwenye kona za kashata, na hizo ndizo ulizozihangaikia tangu asubuhi.